Simu ya Mikono Miwili

Fundi viatu aliipokea simu kutoka kwa muuza duka, akaigeuza mara mbili, akainusa kwenye pembe, kisha akaishika kwa mikono yote miwili na kuikunja.

Muuza duka alitoa mlio usiolingana kabisa na tai yake. Ilikuwa tai ndefu, nyekundu, ya mtu anayetarajia kupandishwa cheo wakati wowote kuanzia sasa.

"Mwambie aache," alimwambia msichana aliyesimama kando ya fundi. "Hiyo si ya kukunjwa."

Msichana alimgeukia baba yake na kumwambia kwa mikono, "Anauliza kama umeipenda."

"Anauliza hivyo kwa uso ule?" Baba alijibu, naye kwa mikono. "Mwambie soli ni ngumu, inafaa. Ila gundi ya pembeni ni ya haraka haraka."

"Baba anasema gundi si nzuri."

"Gundi gani?"

"Hata mimi nashangaa," alisema msichana, uso mkavu kama wa kiranja mbele ya mwalimu wa zamu.

Hapa inafaa mambo yawekwe sawa. Fundi huyu alikuwa kiziwi tangu utotoni, na katika miaka yake hamsini na miwili alikuwa amezoea kupima kila kitu duniani kama alivyopima viatu: kukikunja, kukinusa, kukitazama mshono. Hivyo ndivyo alivyochagua kitanda, redio ya dada yake ambayo yeye hakuihitaji, na hata chumba cha kupanga. Inasemekana ndivyo alivyomkataa mchumba wa kwanza wa dada yake, ingawa hakuna ushahidi kwamba alimkunja.

Msichana alikuwa binti yake wa pekee, na jina lake nyumbani lilikuwa Sikio. Viziwi hawana muda wa kuitana kwa majina ya kwenye vyeti. Kila mtu hupewa alama yake, na alama hutokana na kile kinachoonekana kwanza. Binti alipozaliwa na ikabainika kwamba anasikia, baba yake aligusa ncha ya sikio lake kwa kidole, na jina likaganda hapo. Muuza duka naye, bila kujua, alikuwa ameshabatizwa ndani ya dakika moja: kiganja kikiteremka kifuani, maana yake Tai. Shangazi yake Sikio, ambaye alikuwa amekuja dukani kama mshauri bila kushauriwa, alama yake ilikuwa kidole cha shahada kinachotikiswa hewani. Kwa miaka ishirini Shangazi aliamini kwamba maana yake ni "dada mwenye busara". Hakuna aliyekuwa na haraka ya kumsahihisha.

Jambo lililowaleta dukani halikuwa la mzaha, hata kama lilianza hivyo. Jumapili Sikio alikuwa anaondoka kwenda chuoni kujifunza kutengeneza meno ya bandia. Mafunzo ni miaka miwili, safari ni ya kutwa nzima, na kurudi nyumbani ni wakati wa likizo tu. Baba yake alikuwa na simu ndogo ya vitufe ambayo kazi yake pekee ilikuwa kutetemeka mfukoni. Ujumbe wa maandishi haukumfaa, kwa sababu shule ya viziwi ilifunguliwa yeye akiwa ameshaota ndevu. Alisoma namba za viatu na majina ya rangi, basi. Kila neno ambalo baba na binti walikuwa wameambiana tangu binti azaliwe lilisemwa kwa mikono, na mikono sharti ionekane. Mama yake Sikio alifariki zamani. Shangazi alijua alama kama thelathini hivi, na ishirini na mbili kati yake zilikuwa amri.

Kwa hiyo ilitakiwa simu janja ya kubeba mikono, na ipatikane kwa bei ya watu wa soli na gundi. Isipopatikana, Sikio alikuwa ameshaamua moyoni kwamba haendi. Hakumwambia mtu. Barua ya kukiarifu chuo alikuwa nayo tayari kwenye simu yake, yenye maneno mazito kama "kwa sababu zilizo nje ya uwezo wangu", bado kutumwa tu.

"Nawaletea nyingine," alisema Tai, akijikusanya. Alitoa simu nyembamba, ya bluu, akaiweka juu ya kaunta kwa unyenyekevu mkubwa. "Hii ndiyo inayotoka sana kwa bei yenu. Spika mbili. Sauti yake inatikisa kabati. Ukiweka muziki hapa, jirani wa tatu anacheza."

Sikio alitafsiri yote bila kupunguza chochote.

Baba alimtazama Tai kwa huruma. "Mwambie nimefurahi kwa niaba ya majirani."

"Kaka yangu haisikii hiyo spika hata ukiivaa kichwani," alisema Shangazi. "Wewe kijana, umeona tunaongea kwa mikono tangu tuingie. Ulidhani tunafukuza nzi?"

Tai aliomba radhi, na kwa kweli masikio yake yaligeuka rangi yakafanana na tai. "Basi anataka nini hasa?"

"Kamera ya mbele," alisema Sikio. "Inayoona vidole. Siyo juani tu, hata gizani kidogo, maana karakana yake iko chini ya ngazi."

Baba hakungoja mjadala. Alizichukua simu tatu za bei ya chini, akazipeleka pembeni nyuma ya mlango ambako mwanga ulikuwa hafifu, akawasha kamera moja baada ya nyingine na kupitisha mkono mbele yake haraka, kama anavyosema mtu mwenye haraka. Simu ya bluu iliufanya mkono wake uwe na mkia, kama moshi unaofuata treni. Ya pili ilimpaka uso unga na kumwondolea makunyanzi yote.

"Huyu ni nani?" aliuliza, akimwonyesha Sikio.

"Ni wewe, siku ya harusi yako."

"Siku ya harusi nilikuwa mweusi zaidi."

Ya tatu ilikuwa nene, ya kijani ya ndoo ya hospitali, na Tai alikuwa ameiweka nyuma kabisa ili isiwakatishe watu tamaa. Lakini mkono ulipopita mbele ya kamera yake, vidole vitano viliingia na vidole vitano vikatoka. Betri yake ilikuwa kubwa kama kisigino cha buti. Baba aliikunja kidogo, kwa heshima, Tai akifumba macho, kisha akaipiga juu ya kiganja na kusema imeshonwa vizuri.

Ikabaki laini. Hapo ndipo Shangazi alipojiweka sawa, akasogeza mkoba begani na kutwaa madaraka.

"Kengele," alisema. "Sikio yuko Kengele, basi na baba yake awe Kengele. Familia moja, mtandao mmoja. Na siku ile Sikio alipokwenda kwenye usaili, si alinipigia video kutoka pale bwenini? Nilimwona mpaka kijasho puani."

Hakuna aliyepinga. Sikio alikubali. Baba, alipotafsiriwa, alikubali zaidi ya wote: kwa maisha yake yote hakuwahi kuona mguu wa kushoto ukivaa kiatu cha fundi mmoja na wa kulia cha fundi mwingine. Jozi ni jozi. Tai alifungua mdomo kusema jambo, lakini Shangazi alikuwa bado anaeleza habari za kijasho, basi akaufunga, akasajili laini ya Kengele.

*

Karakana ilikuwa chini ya ngazi ya jengo la ghorofa nne. Nyuma ukuta wa zege, juu zege la ngazi, mbele mlango wa chuma uliofunguka nusu, na ndani harufu ya gundi, ngozi na rangi ya viatu. Benchi la wateja lilichukua watu wawili wembamba au mmoja mwenye kazi ya ofisini.

Ijumaa saa sita mchana, Sikio alitoka kwenda kufanya majaribio. Alitembea mpaka duka la dawa, mitaa mitatu mbele, akaegemea ukuta na kupiga.

Picha ilikuja. Baba yake alitokea, nyuma yake msitu wa viatu vinavyoning'inia, Shangazi amejibana pembeni ili naye aonekane. Baba akainua mkono wa kulia. Mkono ukafika usawa wa kidevu.

Ukabaki hapo.

Sikio alisubiri. Kwenye kioo baba yake alikuwa ameganda kama picha ya kitambulisho. Kisha picha iliruka, mkono ukawa magotini, kisha ukawa umepotea, kisha uso ukagawanyika miraba miraba. Lakini sauti ilikuwa ikija safi kuliko maji ya mtungi. Alisikia viatu vya watu vikipanda ngazi. Alisikia kopo la misumari likisogezwa. Alimsikia Shangazi akitangaza kwa furaha, "Halo, halo. Tunakupata vizuri kabisa. Mtandao uko safi, sijawahi kuona."

Halafu akasikia kitu kingine. Baba yake alikuwa na mlio mdogo wa kooni, mfupi, kama mtu anayegonga mlango kwa kidole kimoja. Aliutoa alipotaka mtu amtazame. Mwenyewe hakujua kwamba anautoa, na Sikio hakuwahi kumwambia, kwa kuchelea asije akauacha. Sasa ulikuja kwenye simu, mara moja. Ukaja tena. Mara ya tatu. Alikuwa akimwita binti yake amtazame, na binti yake alikuwa akimtazama, macho hayabanduki, lakini kilichokuwa kwenye kioo ni mtu aliyeganda mdomo wazi.

Muuza dawa alitoka nje kumwaga maji, akamkuta msichana anajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Umepata habari mbaya?"

"Hapana," alisema Sikio. "Mtandao tu."

"Ah, huo," alisema muuza dawa, akarudi ndani kwa heshima, kama mtu aliyefiwa na huo huo.

Aliporudi karakana hakuzunguka. Alisimama mbele ya baba yake na kusema kwa mikono, "Siendi."

"Wapi?"

"Unajua wapi. Nikienda hatutaongea. Miezi minne mpaka likizo. Utamwambia nani mgongo ukiuma? Shangazi anajua alama ya chumvi na ya funga mlango. Na wateja, nani atakutafsiria?"

"Nilikuwa na wateja kabla hujazaliwa."

"Ulikuwa unawashonea viatu visivyo vyao."

"Mara moja," alisema Baba. "Na alivipenda."

"Siendi, Baba. Nitatafuta kazi hapa hapa. Nitakaa kwenye duka la Tai niuze spika."

Mikono ya Baba ilianza kwenda haraka sasa, kubwa, mikali, ikigusa viatu vilivyoning'inia. "Nafasi ile waliiomba watu wangapi? Ulipewa wewe. Mimi huwashonea viatu watu wote wanaoondoka. Karani, mwalimu, mwanajeshi. Natengeneza kisigino, wanakwenda zao. Leo anaondoka wangu, ndiyo nimkatie kamba?"

"Nikienda utakuwa bubu."

Hilo lilikuwa neno baya, na alilijua mara tu mikono yake ilipolimaliza.

Watu wengine wakikasirika huubamiza mlango. Baba alifumba macho. Ukimfumbia macho mtu anayesema kwa mikono, umemziba mdomo na kumfukuza chumbani kwa mpigo mmoja, na Sikio alibaki amesimama, maneno yamejaa vidoleni, hana pa kuyaweka. Shangazi, ambaye hakuwa amefuata hata nusu ya ugomvi, alitazama huku na huku.

"Amesinzia?"

"Amenikasirikia."

"Umemwambia nini?"

"Nimemtukana, Shangazi."

Shangazi alimtazama kaka yake kwa muda, kisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akanyamaza.

Baba alifumbua macho baada ya muda mrefu kiasi cha kushona kandambili. Hakumtazama Sikio. Alikuwa akilitazama benchi la wateja, tupu, kama aonavyo mtu kiatu ambacho hakumbuki alikiweka lini.

"Mwalimu," alisema kwa mkono mmoja, polepole.

"Mwalimu gani?"

"Wa viatu vyeusi, anayekanyagia ndani. Akija hukaa hapo, kiatu kimoja mguuni, anatazama mpira kwenye simu. Hasogei. Picha inatembea, wachezaji wanakimbia, naona kwenye miwani yake. Lakini Karani wa ghorofa ya pili, akitaka kutazama kitu, hutoka nje na mguu mmoja kama korongo, simu ameinua juu. Miaka mitatu sasa. Nilidhani anapenda jua."

Sikio alimtazama baba yake. Watu wenye masikio walikuwa wamekaa kwenye benchi lile miaka kumi na moja wakilalamikia mtandao, na aliyeuona mtandao wenyewe ni huyu.

"Wako mitandao gani?" aliuliza.

"Mimi najua saizi zao. Kaulize wewe mwenye masikio."

Karani alipatikana ofisini kwake ghorofa ya pili, akakiri kwamba yuko Kengele. "Kuongea, safi sana. Kutazama kitu pale kwa mzee, sahau." Mwalimu ilibidi asubiriwe mpaka shule ilipofungwa. Aliulizwa katikati ya barabara, akajibu kwa sauti ya chini, akitazama pembeni: alikuwa Nyuki.

Aibu yake ilieleweka. Nyuki ilikuwa kampuni ndogo, iliyotangazwa na mtu aliyevaa mabawa, na mji mzima ulikuwa umecheka mpaka mbavu zikauma. Nje ya mji haikushika kabisa. Lakini Sikio aliposimama kwenye mlango wa karakana na kuinua macho, aliuona mnara wake juu ya paa la kiwanda cha mikate, ng'ambo ya barabara, unatazama moja kwa moja kwenye benchi la wateja.

"Sawa, na wewe huko chuoni?" aliuliza Shangazi walipokaa kulijadili. "Nyuki huko iko?"

"Haipo."

"Basi imekula kwetu. Yeye Nyuki, wewe Kengele, mtapigianaje? Kuvuka mtandao hakuna mchezo. Mimi enzi zetu nilimpigia mtu wa mtandao mwingine, nikasema 'habari', salio likaisha kabla hajasema 'nzuri'."

Shangazi alikuwa amekulia zama ambazo kumpigia mtu wa kampuni nyingine kulihesabiwa kama kuvuka mpaka bila hati. Aibu ni kwamba Sikio, mwenye alama nzuri za fizikia, naye aliamini hivyo hivyo. Hakuwahi kulifikiria. Lilikuwa limekaa kichwani mwake kama kabati la sebuleni, ambalo hakuna anayekumbuka nani alilileta. Na Baba alikuwa na jozi zake. Watatu walikaa, wakakubaliana kwa huzuni juu ya jambo ambalo halikuwepo.

*

Jumamosi asubuhi Sikio alirudi dukani akitaka kujua kama simu ya kijani inaweza kubadilishwa kwa yenye kushika Kengele vizuri zaidi. Baba na Shangazi walimfuata nyuma kama mashahidi. Tai alisikiliza habari yote, mnara, mwalimu, korongo na mpaka.

"Lakini video inapita kwenye data," alisema. "Data haiulizi umetoka kampuni gani. Mzee akae Nyuki, wewe kaa Kengele, kila mtu analipia kifurushi chake na mnaonana. Hakuna kuvuka popote."

Sikio alitafsiri. Baba alimwambia arudie, akarudia.

"Kushoto kiwe cha fundi mmoja na kulia cha mwingine?" aliuliza Baba.

"Ilimradi vinatembea," alisema Sikio.

Shangazi alikunja uso. "Na siku ile ulikuwa unajua haya yote?"

"Nilikuwa najua."

"Mbona hukusema?"

Tai alirekebisha tai yake. "Ulikuwa unaongea, Mama."

Sikio alilitafsiri hilo kwa uangalifu mkubwa, neno kwa neno, na Baba akacheka mpaka akashika kaunta.

Simu ya kijani ilikuwa na nafasi mbili za laini. Nyuki iliwekwa ya video. Kengele iliachwa palepale, Shangazi akisema itafaa siku yeye akitaka kuzungumza na Sikio kwa simu hiyo, na hakuna aliyethubutu kuhoji.

Sikio akaenda tena kwenye ukuta wa duka la dawa. Akapiga. Picha ilitokea, na safari hii mkono wa Baba ulipoinuka ulipita kidevu, ukapita sikio, ukashuka, bila kukwama popote. Lakini kulikuwa na tatizo ambalo hakuna hata mmoja aliyeliona dukani. Mkono mmoja ulikuwa umeshika simu. Baba alikuwa akisema kwa nusu ya mdomo, na Sikio vilevile. Neno "nyumba" lilikuwa na upande mmoja wa paa. "Rafiki" alikuwa peke yake.

Baba aliikunjia simu uso, akamwashiria asubiri, na picha ikageuka dari. Sikio alisikia kisu kikikata. Nyundo, mara sita. Muuza dawa alichungulia dirishani, akamwona amesimama palepale pa jana, akamletea kiti bila kuuliza.

Baada ya robo saa dari iliondoka. Simu ilikuwa imesimama yenyewe juu ya meza ya kazi, ndani ya kiatu kidogo kisicho na mguu: soli ya buti, ukanda wa ngozi mbele, kisigino nyuma cha kuizuia isianguke. Baba alirudi nyuma hatua mbili, akaingia mzima kwenye picha, kiuno mpaka kofia.

"Unaniona?" alisema, kwa mikono yote miwili.

Sikio aliisimamisha yake juu ya kiti cha muuza dawa, akaiegemeza kwenye chupa ya maji. "Nakuona."

"Vidole vyote?"

"Vyote. Hata plasta ya kidole gumba, ambayo nilikwambia ubadilishe juzi."

Baba aliificha plasta nyuma ya mgongo, akaona haitasaidia, akairudisha. "Jana ulisema nitakuwa bubu."

"Nilisema."

"Hilo neno liliniuma."

"Najua, Baba. Nisamehe."

Alimtazama kwa muda, au aliitazama kamera, kwa simu si rahisi kujua. Kisha akasema, "Nakuona unalia. Kamera yako pia si mbaya. Njoo ufunge sanduku."

Pale pale kwenye ukuta, Sikio aliifuta ile barua ya "sababu zilizo nje ya uwezo wangu". Akamrudishia muuza dawa kiti.

"Mtandao umerudi?" aliuliza muuza dawa.

"Umerudi."

"Kwako," alisema muuza dawa.

*

Bwenini, Kengele ilishika vizuri zaidi kwenye ngazi za ghorofa ya tatu. Jumatano saa kumi jioni, baada ya siku ya kwanza ya vitendo, Sikio alikaa hapo akapiga. Baba alipokea akiwa na sindano mdomoni, akaitoa.

"Umekula?"

"Nimekula. Baba, leo nimetengeneza..."

Hakumaliza. Kivuli kiliingia kwenye picha, sauti ya mwanamke ikajaa karakana. "Hivi viatu si vya kwangu hivi. Nilisema kahawia. Hivi ni vyeusi. Nani ameniwekea rangi nyeusi?"

Mikono ya Sikio ilianza yenyewe, kama ilivyofanya tangu akiwa na miaka mitano: "Anasema alitaka kahawia, umempaka nyeusi, ana hasira lakini..."

Baba alitikisa kichwa. Aliinua kidole kimoja kumwambia asubiri, akaishika simu na kuigeuza ukutani.

Sikio akabaki anatazama zege. Alisikia makopo ya rangi yakifunguliwa, moja, la pili, la tatu. Alisikia chaki ikikwaruza meza. Mwanamke alisema, "Hapana, siyo hiyo. Hiyo ndiyo, hiyo hapo." Kimya. Brashi ilianza kusugua. Kisha mwanamke akacheka, kicheko cha kweli, na akasema, "Mzee, wewe ni kituko," kwa mtu ambaye hakumsikia na hakuhitaji.

Ilichukua kama dakika tatu. Kabla Sikio hajajua kama ameumia au ametuliwa mzigo, zege liliondoka, na baba yake akarudi, pua ina rangi ya kahawia.

"Ningemaliza kwa dakika moja," Sikio alisema.

"Ungemaliza. Lakini hukunipigia kwa ajili ya viatu vyake." Aliketi, akafuta mikono kwenye aproni, kila kidole, akaiweka magotini tayari kusikilizwa na kusikiliza. "Umetengeneza nini?"

"Jino. La nta. La mbele, la juu. Mwalimu alitupa picha tu, tukachonga kwa kijisu."

"Kijisu cha aina gani?"

"Ngoja."

Aliisimamisha simu kwenye ngazi ya juu, akaiegemeza kwenye kitabu, akashuka ngazi mbili ili aingie mzima. Mikono yote miwili ikainuka. Alimwonyesha kijisu, urefu wake, jinsi kinavyoshikwa, jinsi nta inavyolainika ukiishika sana na kuvunjika usipoishika. Baba aliuliza kuhusu pembe ya ukataji, akaonyesha jinsi yeye anavyopunguza ngozi ya kisigino, na Sikio akasema ndiyo, hivyo hivyo, ila kidogo mara mia.

Wasichana wawili waliokuwa wakipanda na ndoo za maji walisimama kutazama. Sikio aliwasogezea miguu wapite, bila kuisimamisha mikono, kwa sababu alikuwa amefika kwenye ukingo wa jino, pale linapotakiwa kuwa jembamba kuliko ukucha, na baba yake alikuwa ameinama kuangalia mpaka pua yake ya kahawia imejaa kioo kizima.